MAISHA YA PROFESA MAX HERRMANN (1865-1942), MWALIMU WA TEATRE



Kila mwaka mbele ya likizo kubwa tunacheza teatre ndani ya sale ya shule yetu. Mnajua vile inakuwa. Watu wanasukumana mlangoni, wenye kukosa kiti wanapanda madirisha, na mtu akisahau maneno yake sale nzima inacheka mpaka yeye mwenyewe anacheka. Tunawaza ya kwamba wenye kucheza ni wale tu waliovaa kanzu za kuazima, na sisi wengine kazi yetu ni kutazama. Lakini kulikuwa profesa mmoja wa Ujerumani aliyefundisha kwamba hivyo sivyo. Yeye alisema hata wenye kutazama wanacheza, na bila wao hakuna teatre.

Jina lake ni Max Herrmann. Nimechagua kuandika maisha yake juu ya sababu mbili. Ya kwanza, yeye ni mmoja wa wale walioingiza historia ya teatre ndani ya universite kama somo la kweli. Ya pili, siku moja wanafunzi walibandika uongo kwenye ukuta wa universite yake, naye akakataa kupita mbele ya uongo ule. Mambo haya mawili, kama mtakavyoona, ni jambo moja.

KUZALIWA NA MASOMO

Max Herrmann alizaliwa Berlin tarehe 14 mwezi wa 5 mwaka wa 1865. Alikuwa Muyuda. Alisoma lugha ya Kijerumani na historia kwa universite za Freiburg, Göttingen na Berlin. Mwaka wa 1889 alipata doktora, na mwaka wa 1891, akiwa na miaka 26, alipewa ruhusa ya kufundisha kwa universite ya Berlin.

Lakini hapana kuwaza kwamba alipata mshahara mnono. Ule mwalimu mwenye ruhusa tu hakulipwa na serikali. Alipokea zile franga kidogo ambazo wanafunzi walilipa kwa kusikiliza masomo yake. Wengi walikaa namna ile miaka mitano ao kumi, kisha wakapanda. Herrmann alikaa zaidi. Cheo cha kwanza cha profesa, kile cha chini, alikipata mwaka wa 1919. Cheo kamili alikipata mwaka wa 1930, akiwa mzee wa miaka 65. Hesabuni wenyewe: tangu 1891 mpaka 1930 ni miaka 39.

Juu ya nini alikawia vile? Kwanza, wakati ule Muyuda asiyebatizwa alipata shida kubwa kupewa kiti cha profesa, hata akiwa na akili nyingi. Tena somo alilolipenda lilikuwa jipya, na wakubwa wa universite waliliona kama kazi ya mchezo tu.

Mwaka wa 1898 alioa Helene Schlesinger. Huyu bibi alikuwa msomi kama yeye. Wakati ule universite za Prussia zilikuwa hazijawafungulia wanawake mlango sawasawa, mpaka mwaka wa 1908. Mwanamke aliweza kusikiliza kama mgeni tu. Hata hivyo Helene alipata doktora mwaka wa 1904, kisha akawa mwalimu. Dada zetu wa shule hii washike jina lake pia.

MCHEZO SI KITABU TU

Sasa niwaeleze kazi yake. Mbele ya Herrmann, mtu akitaka kujifunza teatre kwa universite alipewa kitabu. Alisoma michezo ya Goethe, ya Schiller, ya Shakespeare, akaichambua kama vile sisi tunavyochambua kitabu cha Molière ndani ya kelasi. Maneno ni mazuri, mwandishi ni nani, alizaliwa wapi, anataka kusema nini. Basi, ni mwisho.

Herrmann aliuliza: lakini teatre yenyewe iko wapi? Mchezo ulioandikwa ni kazi ya mtu mmoja aliyekaa na kalamu yake. Teatre ni kazi ya wengi waliokutana mahali pamoja, saa moja: wachezaji, fundi wa nguo, mwenye taa, na watu waliokuja kutazama. Yule anayetazama anashika pumzi, anacheka, anaogopa, na mchezaji anasikia ile hali na kubadilisha sauti yake. Ndiyo maana mchezo mmoja, na watu walewale, leo unafaulu na kesho unakufa. Mchezo ukiisha, teatre imekwisha. Kitabu kinabaki, lakini kitabu ni kama mfupa bila nyama.

Kama ni vile, namna gani tutajua historia ya teatre? Teatre ya miaka 400 iliyopita imekufa pamoja na watu wake. Herrmann alijibu: tutafute alama walizoacha, tuzipime moja moja, tusiamini hata moja bila kuiuliza. Mwaka wa 1902 alikuwa kati ya wale walioanzisha Berlin chama cha historia ya teatre. Kisha alifanya kazi miaka mingi juu ya kitabu kikubwa kuhusu teatre ya zamani ya Ujerumani. Kilitoka mwaka wa 1914.

FUNDI WA VIATU WA NÜRNBERG

Mfano wa kazi ile ni Hans Sachs. Huyu aliishi mji wa Nürnberg, akazaliwa mwaka wa 1494 na kufa mwaka wa 1576. Alikuwa fundi wa viatu, na tena alikuwa mtunga nyimbo na michezo mingi sana. Sisi Waprotestanti tunaweza kumkumbuka kwa sababu nyingine: alikuwa upande wa Martin Luther, na mwaka wa 1523 aliandika shairi refu la kumsifu.

Mwaka wa 1557 Hans Sachs aliandika mchezo wa Siegfried, yule shujaa wa hadithi ambaye ngozi yake ilikuwa ngumu kama pembe. Herrmann alitaka kujua mchezo ule ulichezwa namna gani. Watu wa Hans Sachs walichezea wapi? Yeye alisema ni ndani ya kanisa la Mtakatifu Marta kule Nürnberg. Basi akashika maandiko ya mchezo na kuhesabu: huyu anaingia, yule anatoka, hawa wawili wanapigana, joka linakuja. Sherti kuwe na mlango upande huu, sherti kuwe na nafasi ya hatua kadhaa. Kisha alilinganisha hesabu zake na vipimo vya jengo. Tena alichunguza picha za wakati ule, kusudi aone watu walivyoinua mikono wakiomba, wakilia, wakikasirika.

Na hapo kuna jambo linalonifurahisha sana. Ndani ya vitabu vya zamani mlikuwa picha nzuri zinazoonyesha michezo. Wasomi wengine walizishika mara moja, wakasema: ona, teatre ilikuwa hivi. Herrmann alikataa kwenda mbio. Aliuliza: aliyechora picha hii aliona mchezo kwa macho, ao aliwaza tu ndani ya nyumba yake? Alinakili picha ya mwenzake? Picha inaweza kusema uongo sawa na mtu. Sherti iulizwe kama shahidi mbele ya mwamuzi.

Wengine walimpinga. Profesa Albert Köster wa Leipzig alisema ile jukwaa ya Hans Sachs haikuwa namna Herrmann alivyoijenga. Walijibizana kwa vitabu, na mwaka wa 1923 Herrmann alimwandikia barua ya wazi iliyochapwa. Hakuna aliyemfunga mwenzake kinywa. Kila mmoja alileta hesabu zake, na wasomaji wakapima. Ndivyo wasomi wanavyopigana.

Ule mwaka wa 1923 ulimletea Herrmann furaha kubwa pia. Pamoja na Profesa Julius Petersen alifungua instituti ya masomo ya teatre ndani ya universite ya Berlin, moja ya zile za kwanza duniani. Somo lililodharauliwa sasa lilikuwa na mlango wake, vitabu vyake na wanafunzi wake.

MWAKA WA 1933

Tarehe 30 mwezi wa 1 mwaka wa 1933 Hitler alishika serikali ya Ujerumani. Ninyi wote mmesoma habari hiyo kwa somo la historia. Lakini kitabu chetu hakisemi sana juu ya wanafunzi. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba mabaya yale yalifanywa na askari tu. Kumbe vijana wenye kusoma, wenye diploma, walikimbia mbele.

Katikati ya mwezi wa 4 chama cha wanafunzi wa Ujerumani kilibandika afishi kwenye universite zote. Zilikuwa na maneno kumi na mawili yaliyopangwa kama amri. Moja lilisema kwamba Muyuda hawezi kuwaza kama Mjerumani, na akiandika kwa Kijerumani, anasema uongo. Afishi ile ilitundikwa pia ndani ya universite ya Berlin, pale Herrmann alipofundisha zaidi ya miaka 40.

Watu wengi walipita. Wengine walifurahi, wengine waliona haya wakaangalia chini. Maprofesa wengi walinyamaza.

Tarehe 1 mwezi wa 5, siku chache mbele ya kutimiza miaka 68, Herrmann aliandika barua kwa Bernhard Rust, waziri wa elimu wa Prussia. Alieleza kwamba heshima yake imejeruhiwa. Kijerumani ni lugha aliyoandika, aliyowaza na kujisikia ndani yake maisha yote, na maneno yaliyotundikwa yanamwita mwongo mbele ya wanafunzi wake. Basi akamjulisha waziri kwamba hataingia tena ndani ya universite mpaka afishi ile iondolewe.

Wenzangu, angalieni vizuri. Huyu mzee alikuwa amepata kiti chake kamili miaka mitatu tu iliyopita, baada ya kungoja miaka 39. Angeweza kunyamaza kusudi asikipoteze. Lakini mtu aliyepima kila picha kwa miaka mingi, aweze kusema hii ni kweli na hii si kweli, angepita namna gani kila asubuhi mbele ya uongo mkubwa vile, na kuingia kufundisha ukweli?

Barua haikuzuia kitu. Tarehe 10 mwezi wa 5, usiku, wanafunzi walileta vitabu kwenye kiwanja cha opera, mbele ya universite ya Berlin, wakavichoma. Vilikuwa zaidi ya 20,000. Na kila kitu kilipangwa kama teatre. Kulikuwa mienge, nyimbo, maandamano, na wanafunzi waliosogea kwa zamu, kila mmoja na maneno aliyoyashika kwa kichwa, akitaja majina ya waandishi na kutupa vitabu motoni. Walitupa vitabu vya Karl Marx, vya Sigmund Freud, vya Erich Maria Remarque, vya Erich Kästner. Kästner mwenyewe alikuwa amesimama kati ya watu, akaona vitabu vyake vinaungua.

Watu maelfu na maelfu walikuja kutazama. Kama Herrmann alivyofundisha, bila wenye kutazama hakuna mchezo. Watu wale wangebaki nyumbani, moto ule ungekuwa vijana wachache na karatasi usiku. Wale waliosimama wakitazama ndio walioufanya kuwa sikukuu.

Mwaka uleule Herrmann aliondolewa kwenye kazi. Profesa Petersen, mwenzake wa instituti, alibaki ndani ya universite.

KUSOMA WIMA

Wayuda wengi walikimbia inchi. Herrmann na bibi yake walibaki Berlin. Aliendelea na kazi bila kelasi, bila wanafunzi, bila mshahara wa profesa. Alikuwa anaandika kitabu juu ya swali hili: kazi ya mchezaji, yule anayeishi kwa kucheza teatre, ilianzaje? Alitaka kulinganisha nyakati mbili, wakati wa kale na wakati ulioletwa baada ya Ulaya kuamka tena kwa elimu.

Kwa kazi ile alihitaji vitabu vya biblioteke kubwa ya Berlin. Lakini amri dhidi ya Wayuda ziliongezeka kila mwaka. Walikatazwa kazi, shule, viwanja, mwishowe hata kuketi kwenye viti fulani vya barabarani. Kwenye biblioteke pia Herrmann hakukubaliwa tena kukaa pamoja na wasomaji wengine. Alipewa ruhusa ya kusoma wima tu, mbele ya meza ndefu ya kusimamia. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Basi alisimama, akasoma, akaandika.

Mimi nikisikia mwanafunzi wetu akilalamika kwamba taa imezimika mbele ya kumaliza masomo ya usiku, ninawaza juu ya mzee yule na miguu yake.

MWISHO

Mwezi wa 9 mwaka wa 1941 Wayuda wa Ujerumani walilazimishwa kushona nyota ya manjano kwenye nguo zao. Mwezi wa 9 mwaka wa 1942 polisi waliwachukua Max na Helene Herrmann, wakawapeleka Theresienstadt. Hiyo ilikuwa boma ya zamani ya askari, kaskazini ya Prague, ambayo Wanazi waliigeuza kuwa kambi ya Wayuda. Walipeleka huko wazee wengi hasa. Watu walilala wakibanana, chakula kilikuwa kidogo, magonjwa yalienea. Watu karibu 33,000 walikufa palepale.

Max Herrmann hakukaa huko hata miezi mitatu. Alikufa mwezi wa 11 mwaka wa 1942, akiwa na miaka 77. Helene aliishi zaidi kidogo. Mwaka wa 1944 walimpeleka Auschwitz, na huko akauawa.

Lakini kitabu hakikufa. Maandiko yale aliyoyafanya wima yalilindwa na mwanafunzi wake wa zamani, Ruth Mövius. Mwaka wa 1962, miaka 20 baada ya mwalimu kufa, alikitoa Berlin. Kwa hiyo wanafunzi walibandika afishi na kuchoma vitabu, na mwanafunzi aliokoa kitabu. Wote waliketi ndani ya universite za inchi moja.

Leo somo la teatre linafundishwa kwa universite nyingi duniani, na wenye kulifundisha wanarudi mara nyingi kwenye wazo la Herrmann, kwamba teatre ni jambo linalotokea kati ya watu. Biblioteke ile ya Berlin imekuwa na marafiki waliotoa zawadi yenye jina lake. Na pale kwenye kiwanja cha opera, tangu mwaka wa 1995, kuna ukumbusho chini ya ardhi: mtu anaangalia kupitia kioo na kuona chumba cheupe chenye rafu tupu, nafasi ya vitabu 20,000.

SISI TUSHIKE NINI?

Wenzangu, sikuandika haya kusudi tulaumu tu vijana wa Ujerumani wa zamani. Niliposoma maisha haya nilijiuliza mimi mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa tatu, wakubwa walishika kijana mmoja mgeni, wakamzunguka kiwanjani, wakamwigiza ginsi anavyosema lugha ya kwao na kumwita majina ya kabila lake. Mimi sikumgusa, sikusema neno. Nilisimama tu na wengine, nikacheka kidogo. Siku ile nilijiona sina kosa, kwa sababu nilitazama tu.

Sasa ninajua. Wale wakubwa wasingefanya mchezo ule kama hakungekuwa watu wa kutazama. Mimi nilikuwa mchezaji wao. Yule kijana aliacha shule ule mwaka, wala sikupata nafasi ya kumwomba msamaha.

Mimi ninamaliza masomo mwaka huu, na wengine watachukua nafasi yangu ya kusimamia wanafunzi. Ninawaachia neno hili moja. Mkiona maneno ya uongo juu ya mwenzenu, kwenye ubao, kwenye ukuta wa vyoo ao ndani ya kinywa cha rafiki, hapana kusema: mimi ninapita tu. Kama huna nguvu ya kuyafuta, ondoka. Ukiondoka, mchezo umepungukiwa mtu mmoja. Mzee Herrmann hakuweza kuzuia moto, lakini hakukubali kuwa kati ya waliosimama kuutazama.

Na siku ya teatre yetu, tafadhali, msipande madirisha.